Tope la Juu

Siku ile mjinga alikuwa Okochi. Tuliseme mapema, mtu asije akapoteza muda kumtafuta mwingine. Ndani ya kibanda cha mabati pale Majanji, kando ya ziwa, walikuwamo watu watano. Wanne walikuwa wasomi, na wa tano alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, akijiambia kwamba neno la tope haliwezi kuwa neno kubwa. Tope ni tope. Hata leo ukimuuliza atakwambia, "Siku hiyo nilikuwa mpumbavu mwenye mvi," kisha atacheka, maana Okochi ni mtu wa kucheka kwanza na kuumia baadaye.

Juu ya meza lilisimama bomba la plastiki angavu, nene kama kikombe cha uji, refu kama mkono wa mtu mzima. Ndani yake mlikuwa na tope la sakafu ya ziwa, tabaka juu ya tabaka, kama lilivyovutwa kutoka chini. Mabomba mengine thelathini na moja yalisimama ukutani kwenye fremu ya mbao. Kwa siku nne mfululizo Okochi ndiye aliyeyashusha majini kwa winchi, akayapandisha, akayaziba chini kwa kizibo cha mpira na juu kwa kifuniko, huku vijana wa chuo wakiandika kina cha maji, joto lake na mahali meli ilipokuwa. Walimchukua kwa sababu alikuwa amevua miaka ishirini na sita na alijua kila mwamba uliojificha chini ya maji yale. Kijiji chake chote cha Lumino kilikuwa kimetangaziwa, na mtangazaji alikuwa Okochi mwenyewe, kwamba siku hizi anafanya utafiti. Watu wakaanza kumwita Profesa. Hakuwakataza.

Mkuu wa safari ile alikuwa Daktari Aanyu, mzaliwa wa Tororo, daktari wa maji na matope, si wa sindano. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, na Okochi alikuwa amejifunza kwamba sauti hiyo ikizidi kushuka ni heri mtu akae mbali.

"Mzee Okochi," alisema kwa sauti ya chini sana, "sogea nikuonyeshe kitu."

Akasogea.

"Hapa juu panapaswa kuwa na tope laini, kama uji wa mtoto. Sasa tazama. Pamekatwa. Na hii ni alama ya nini?"

Okochi aliitazama alama. Ilikuwa na umbo la kijiko. Kusema kweli ilikuwa na umbo la kijiko chake mwenyewe, kile kilichopinda ncha.

"Labda samaki amelamba," alisema.

Vijana wakacheka. Daktari hakucheka.

"Samaki huyo amelamba mabomba yote thelathini na mbili?"

"Samaki wa siku hizi wana njaa, daktari."

Safari hii hakucheka mtu. Ndipo Okochi alipoamua kueleza, na alieleza kwa ufasaha, maana hakuona aibu bado. Katika mitumbwi ya ziwa lile, alisema, samaki hawapelekwi kwenye mzani kabla kila mvutaji nyavu hajachagua wake wa kupeleka nyumbani. Yule samaki huitwa mboga. Mboga si wizi. Tajiri wa mtumbwi akiwanyima watu mboga, kesho atavuta nyavu yeye na mke wake. "Mimi nilivuta mabomba," alimaliza, "nikachukua mboga yangu. Kidogo tu. Vidole viwili kila bomba, pale juu, penye ulaini."

"Mboga ya tope."

"Ndiyo, daktari."

"Ya kufanyia nini?"

Hapa ndipo angeweza kujiokoa. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni, lina herufi chache. Lakini wale vijana watatu walikuwa wameacha kuandika na wanamtazama, na mmoja alikuwa ameanza kutabasamu tabasamu ambalo Okochi alilijua, kwa sababu ndilo yeye humtupia mtu anapotaka kumtania.

"Ya kukandika jiko," alisema.

Daktari Aanyu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Mzee, umechukua kidogo, lakini hicho kidogo ndicho tulichokwenda kukitafuta. Tope hutua polepole. La chini hapa ni la enzi za babu yako. La juu ni la mwaka huu na mwaka jana na miaka hii ambayo wachimba dhahabu wanasafisha mchanga wao kwa zebaki, kule juu, kwenye vijito vinavyoshuka huku. Tulitaka kujua kama hiyo zebaki imefika ziwani."

"Na imefika?"

"Sijui. Jibu lilikuwa kwenye kijiko chako."

Okochi aligeuza kofia mkononi, akatazama ndani yake kana kwamba jibu jingine limo humo.

"Sasa hiyo zebaki," aliuliza kwa namna ya mtu anayepitisha muda, "ni kitu kibaya?"

"Kwa mtoto aliye tumboni, ndiyo. Mama anaweza asihisi kitu, mtoto akaumia ubongo. Ndiyo maana nasema afadhali umekandikia jiko. Mradi hakuna mtu aliyeliweka mdomoni."

"Hapana. Hakuna."

"Vizuri. Kama limebaki, niletee kipande nikalipime. Chukua namba yangu mpya."

Okochi aliandika namba ile kwenye kipande cha karatasi, akakitia ndani ya kofia, akatoka. Alitafuta boda ya kumrudisha Lumino haraka.

* * *

Aidah, mkewe, aliuza odowa. Ndio ule udongo wa kula ambao wanawake wenye mimba huutafuna wakishikwa na hamu, na wengine wasio na mimba huutafuna pia, bila kuhitaji sababu. Siku zote Aidah alinunua udongo wake Masaba, kwenye shimo la jamaa mmoja, akauponda, akautia chumvi, akaufinyanga vijiti na kuukausha juu ya moshi. Kwa miaka kumi na moja hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kijiti. Kwa hiyo mumewe aliporudi kutoka ziwani na kidumu kilichojaa tope laini kuliko lolote alilowahi kushika, alifurahi kama aliyeletewa kitenge.

"Mama Juliet," Okochi alisema akiingia uani, "ile odowa ya ziwani imebaki kiasi gani?"

"Imebaki nini? Beseni nzima imekwisha." Aidah alikuwa akipondaponda udongo wa kawaida na hakuinua kichwa. "Apendi, yule wa upande wa Kenya, alichukua trei mbili na anataka ingine. Anasema watu wake wanaiita odowa ya meli. Ulisema mnarudi ziwani lini?"

"Na Juliet?"

"Juliet nini? Si wewe mwenyewe ulisema ile laini kabisa apelekewe mtoto? Ilikwenda Jumapili na boda. Kifurushi kizima."

Leo ilikuwa Ijumaa. Juliet, mwana wao wa pekee, ameolewa Kiyeyi, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba.

Okochi aliketi juu ya beseni lililopinduliwa. "Daktari anataka turudishe," alisema.

"Turudishe? Si alikupa?"

"Sikusema alinipa. Nilisema nimepata."

"Ulisema, 'Daktari ananiheshimu, amenipa mboga.' Ulisema ukiwa umekaa hapo hapo, unakula kuku yangu."

"Mboga haiombwi, mama Juliet. Mtu anachukua."

Aidah aliweka mchi chini. Akatikisa kichwa. "Yaani wanawake wengine, wanaume wao wanaiba pikipiki. Wangu ameiba tope."

Okochi alicheka. Alicheka kwa shukrani, maana ilionekana kwamba huenda mambo yakaishia hapo, na yangekuwa yameisha vizuri. Kisha akakumbuka na kicheko kikamkauka.

"Kuna ingine," alisema.

Akamwambia. Alianza na wachimba dhahabu, akapita kwenye vijito, akachelewesha neno zebaki kadiri alivyoweza, akachelewesha zaidi lile la mtoto aliye tumboni. Aidah hakupiga kelele. Alifuta mikono kwenye leso, akachukua simu, akapiga. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

"Daktari ulimwambia nini?"

"Nilisema ni ya kukandika jiko."

"Jiko gani? Si tunapikia mawe matatu?"

"Yeye hajui."

"Yeye hajui," Aidah alirudia. Akainuka. "Mimi nakwenda kwa Apendi. Wewe unakwenda Kiyeyi."

"Mimi? Kwa wakwe? Leo leo, mkono mtupu, bila kutuma neno?"

"Nani aende? Mimi nikaingie nyumba yenye Ikwap analala?" Ikwap alikuwa mume wa Juliet, na kwa desturi yao mama mkwe hamkaribii mkwe wake wa kiume hivyo. Hilo Okochi hakuhitaji kukumbushwa.

"Tunaweza kutuma mtu."

"Tutume mtu akaseme nini, baba Juliet? Akaseme baba yake amemlisha..." Hakumaliza. Aliingia ndani kuvaa.

* * *

Njia ya Kiyeyi hupitia Busia, mji wa mpakani alikouzia Apendi, kwa hiyo walikwenda pamoja, wamepakiwa boda moja, Aidah katikati na Okochi nyuma ameshikilia kofia. Walivuka mpaka kwa miguu. Apendi alikuwa na meza yake karibu na wauza nguo za mitumba, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye kwa kawaida Okochi hawezi kupita mbele yake bila kurushiana naye maneno.

"Profesa!" Apendi alipaza sauti. "Umeniletea meli yenyewe ama umeniletea trei tu?"

Wanawake wa meza za jirani wakacheka. Okochi alimwahi mkewe.

"Apendi, dada yangu, ile tuliyokupa chumvi imezidi. Tumekuja kuichukua tukaitengeneze."

"Chumvi imezidi wapi? Watu wangu wanasema iko sawa kabisa. Huyu hapa ni wa pili leo." Akaelekeza kidole kwa msichana mmoja aliyeegemea nguzo, tumbo mbele, kijiti cha kijivu mkononi na kingine shavuni. "Si ni fiti, dada?"

"Ni poa," alisema yule msichana, akitafuna.

"Hata hivyo," Okochi alisema, "sisi wenyewe hatujaridhika. Unajua jina la mtu likishaharibika..."

"Apendi, usimsikize huyu." Aidah alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, lakini ilitosha. Wauza mitumba wawili waligeuka. "Hiyo udongo ameiba kwa watu wa utafiti. Ilikuwa ya kupima sumu. Sumu iko ama haiko, hakuna anayejua. Mimi nilitia chumvi nikakuuzia. Dada, tema hiyo. Tema, tafadhali."

Yule msichana alitema chini. Kisha akaendelea kutema, akifuta ulimi kwa kitambaa cha nguo, macho yamemtoka. "Ni sumu ya nini?" aliuliza. "Mama, ni sumu ya nini?" Aidah akamshika mkono na kuanza kumweleza polepole, habari ya hospitali na maneno ya kusema akifika huko.

Hakuna mtu aliyekuwa akicheka sasa. Apendi alikusanya vijiti vyote vilivyobaki juu ya meza, akavimwaga ndani ya mfuko wa nailoni, akaufunga mafundo mawili.

"Aidah, mimi nimekuuzia mali miaka sita," alisema. "Sijawahi kuuliza imetoka wapi, juu ni wewe."

"Najua."

"Sasa nitaanza kuuliza."

Aidah alifungua fundo la leso yake na kuweka pesa zote zilizokuwamo juu ya meza, bila kutazama ni ngapi. Kisha akapanda juu ya kreti ya soda, yeye ambaye hata kanisani husoma matangazo akiwa ameinama, akaanza kuita: yeyote aliyenunua odowa kwa Apendi tangu Jumanne asiile, aje hapa, kama ana mimba aende hospitali leo. Mtu mmoja alirekodi kwa simu. Mwingine aliuliza, "Na huyo mzee ni nani?" Na muuza viatu akajibu kabla Okochi hajajificha: "Huyo ni profesa. Ni yeye ametoa tope ziwani, akaleta kwa mdomo ya watu."

Okochi alimsogelea mkewe pale juu ya kreti.

"Shuka basi, mama Juliet. Wamesikia."

"Wewe bado uko hapa?" Aidah alisema bila kumtazama. "Nenda kwa mtoto."

* * *

Mama mkwe wa Juliet aliitwa Alungat, mjane mrefu mwenye mikono mikubwa, na alipomwona Okochi akishuka kwenye boda mbele ya ua alipiga kigelegele. Okochi ni Msamia, Alungat ni Mteso, kwa hiyo Kiswahili cha mpakani ndicho kilichowaunganisha tangu siku ya mahari.

"Mkwe! Hata neno hukutuma! Ungetuma neno tungejipanga. Ikwap, toa kiti. Si hicho, kile cha kitambaa."

"Mkwe, mimi sikai. Nimekuja na jambo."

"Jambo litangoja. Mtu hasemi jambo na njaa. Ikwap, shika yule jogoo mwekundu."

"Usichinje, mkwe, nakuomba."

"Unakataa kuku yangu?" Aliuliza akicheka, lakini swali lilikuwa swali, na Okochi alilijua uzito wake. Mgeni wa aina yake akikataa kuku, ametukana nyumba. Akakaa kwenye kiti cha kitambaa. Ikwap, kijana mpole mwenye mabega ya kulima, alianza kumkimbiza jogoo kuzunguka ghala, na jogoo yule, kama aliyeambiwa kuna haraka, hakukamatika.

"Na ile zawadi yako," Alungat alisema akimletea maji ya kunawa, "Mungu akubariki. Huyu mtoto alikuwa halali, anatafuta udongo wa ukuta usiku na mchana. Tangu Jumapili ametulia. Mimi mwenyewe namwambia, kula, ongeza, ni ya baba yako."

Okochi alinawa mikono. Alinawa muda mrefu.

Juliet alitoka jikoni. Tumbo lilikuwa limekuwa kubwa kuliko alivyolikumbuka, na kwa sababu hiyo alipiga magoti kwa shida, mkono mmoja chini, kumsalimu baba yake. Shavu moja lilikuwa limevimba kidogo. Pembeni mwa midomo palikuwa na kijivu.

"Karibu, baba. Mama yuko?"

"Unakula nini?"

"Si ile yako," alisema akitabasamu.

"Tema."

"Baba?"

"Nimesema tema, Juliet."

Na kabla hajajua anachofanya, alikuwa ametega kiganja chini ya kidevu chake, kama alivyomfanyia bintiye alipokuwa mtoto wa miaka miwili na ameokota kitu uani. Juliet alikuwa mke wa mtu, amepiga magoti katika ua wa wakwe zake, mama mkwe akitazama. Uso ulimwiva kwa aibu. Akainamisha kichwa, akatema ndani ya kiganja cha baba yake.

Alungat aliweka jagi la maji chini. "Mkwe," alisema taratibu, "umekuja kumpimia mtoto chakula mdomoni? Kama zawadi ilikuwa ya kukopesha, ungetuambia."

"Si hivyo, mkwe. Ni chumvi. Chumvi imezi..." Akasikia mwenyewe anachosema. Kiganjani mwake tope lilikuwa bado na joto la mdomo wa mwanawe. "Si chumvi," alisema.

Akawaambia yote, tangu kijiko. Ikwap aliacha jogoo, akaja akasimama nyuma ya mkewe. Okochi alisema akitazama chini, na hakutia hata neno moja la kuchekesha, ingawa mawili matatu yalimjia yenyewe, kwa mazoea, na kila moja alilimeza.

"Baba," Ikwap alisema mwishowe, "hiyo zebaki iko ama haiko?"

"Daktari hajui."

"Kama ni daktari, hajui kwa nini?"

"Kwa sababu mimi nilikwangua."

Juliet aliinuka bila kusaidiwa, akaingia ndani, akarudi na kifurushi. Kilikuwa kimebaki chini ya nusu. Alikiweka juu ya kiti kingine, mbali kidogo na watu. Alungat alikitazama kile kifurushi, na mikono yake mikubwa ikashika kichwa. "Na mimi ndiye namwambia ongeza," alisema. "Mimi na mdomo yangu."

"Nakwenda hospitali Tororo," Juliet alisema. "Ikwap, leta boda. Tunakwenda na hii." Kisha akamgeukia baba yake. "Huyo daktari wa ziwa, namba yake iko?"

Kipande cha karatasi kilikuwa ndani ya kofia, na kofia ilikuwa juu ya goti lake. Okochi aliifunika kwa kiganja.

"Ya nini?" aliuliza.

"Yeye ana mashine ya kupima. Hospitali wakijua ni udongo gani, watajua watafute nini."

"Waambie tu ulikula odowa. Odowa ya soko. Kila mwanamke anakula odowa, hawatashangaa."

"Watauliza ya wapi," Ikwap alisema.

"Sema hujui. Watapima damu, si watapima tu? Damu ni damu." Okochi aliona kwamba wote watatu wanamtazama, na akaharakisha. "Sikilizeni. Tope nimelifuata, limepatikana. Soko limekwisha tangaziwa, mama yako amesimama juu ya kreti huko. Huyo daktari nilimwambia ni ya jiko. Ukimpigia, atajua nilimdanganya usoni, mbele ya vijana wake. Hawatanichukua tena kwenye meli. Na habari itarudi Lumino kabla mimi sijarudi. Watanitungia wimbo, Juliet. Wataniimba mpaka watoto wako wausikie. Haya mambo tunaweza kuyamaliza hapa hapa, ndani ya nyumba."

Alungat alikohoa. "Mkwe hajakosea yote," alisema bila kumtazama yeyote. "Na mimi nitasema nini kwa majirani? Kwamba mimi ndiye nilikuwa nampimia? Mambo ya wakwe yakitoka nje hayarudi ndani. Tuende hospitali, sawa, lakini maneno tuyapunguze."

"Ndiyo hivyo," Okochi alisema, akishikilia msaada ule kwa mikono miwili. "Tuyapunguze. Mimi sikatai hospitali. Nakataa kelele. Mtu wa umri wangu, mwanangu, akishachekwa hivyo, hana pa kuweka sura yake."

Boda ilikuwa imefika nje ya ua, injini inanguruma. Juliet alijifunga leso juu ya tumbo, akachukua kifurushi, akanyoosha mkono wake mwingine mbele ya baba yake, kiganja juu.

"Nipe namba, baba. Wewe unaogopa kuchekwa. Mimi naogopa kuzaa."